Dhahabu Haibadiliki, Silikoni Hufundishika

Mchimbaji mdogo wa dhahabu katika ukanda wa Ziwa Viktoria anapotoka duarani na kiroba cha mawe, mara nyingi amebeba mawe meupe ya kwatzi, kwa kuwa mishipa mingi ya dhahabu hupita ndani ya mwamba huo. Mawe yanakwenda kwenye karasha, yanasagwa, unga unaoshwa, punje za dhahabu zinakamatwa, na kinachobaki kinaitwa marudio. Marudio yatachenjuliwa tena kutafuta punje zilizoponyoka, kisha yataachwa yawe vilima pembeni mwa mgodi. Sasa, kwatzi ni nini? Ni silikoni na oksijeni, basi. Kwa hiyo katika kutafuta gramu chache za dhahabu, mchimbaji yule amesaga na kumwaga silikoni kwa tani. Hana kosa lolote, maana hakuna mnunuzi anayemsubiri nje ya machimbo kwa ajili ya unga ule mweupe. Lakini dhahabu na silikoni zilizoachana kwenye karasha huja kukutana tena, na hukutana katika kitu ambacho karibu kila mmoja wetu anacho.

Toa laini ya simu yako uigeuze. Utaona vipande vidogo vya rangi ya dhahabu vilivyotenganishwa na mistari myembamba. Kila kipande kina kazi yake: kimoja hupokea umeme, kingine hupitisha data, kingine huleta mapigo ya saa yanayoipa laini mwendo wa kufanyia kazi. Rangi ile kwa kawaida ni dhahabu kweli, iliyopakwa juu ya nikeli, na nikeli juu ya shaba, kwa unene usiofika hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Nyuma ya vipande hivyo, ndani ya plastiki, chini ya tone la gundi ngumu, kuna kipande cha silikoni chenye upana wa milimita chache tu. Hicho ndicho kinachotunza namba ya siri ya laini yako na kukokotoa jibu ambalo mtandao unalidai kabla haujakuruhusu kupiga simu. Kati ya silikoni na vile vipande vya nje hupita nyuzi nyembamba kuliko unywele, na kwa miaka mingi nyuzi hizo zilikuwa za dhahabu. Elementi mbili, zikitenganishwa na nafasi isiyofika milimita moja, kila moja ikifanya kazi ambayo mwenzake hawezi.

Swali ninalotaka tulipime leo ni hili: thamani ya vifaa vya elektroniki inatoka wapi? Katika nchi zetu zenye dhahabu, hoja hii husikika mara kwa mara: simu na kompyuta zina dhahabu, dhahabu tunayo sisi, kwa hiyo sisi ni wabia wa teknolojia hiyo na tunachodhulumiwa ni bei. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli. Hata hivyo, tukiangalia kwa makini dhahabu inafanya nini ndani ya kifaa na silikoni inafanya nini, tutaona kwamba elektroniki hununua kwa dhahabu sifa moja ya asili, sifa ambayo hakuna mtu aliyeitengeneza. Kwa silikoni hununua elimu. Na anayeuza sifa ya asili hawezi kudai malipo ya elimu ya mwingine, hata akipandisha sauti namna gani.

Tuanze na dhahabu. Watu wengi wanaamini kwamba inatumika kwa sababu inapitisha umeme kuliko metali zote. Sivyo. Ya kwanza kwa kupitisha umeme ni fedha, ya pili ni shaba, na dhahabu inashika nafasi ya tatu, ikifikia takriban asilimia 70 tu ya uwezo wa shaba. Kama kupitisha umeme ndicho kingekuwa kigezo pekee, dhahabu isingeingia kiwandani kabisa. Kinachoipa kazi ni kwamba haishikani na oksijeni. Shaba ikikaa wazi hufunikwa na utando wa oksidi. Fedha hushikwa na salfa iliyomo hewani ikafifia. Kwenye waya mnene wa umeme wa nyumbani utando huo si tatizo kubwa, maana nguvu ya umeme hupenya. Lakini ndani ya simu umeme unaosafiri ni mdogo mno, volti moja au mbili, na utando mwembamba tu pale ambapo metali hugusana na metali unatosha kuukatiza. Dhahabu haina utando huo. Unaweza kuichomeka laini na kuichomoa, ukakaa Tanga au Lamu penye hewa ya chumvi na unyevu mwaka mzima, na mgusano ukabaki vilevile. Ndiyo maana utaikuta mahali ambapo vitu hugusana na kuachana: kwenye laini, kwenye kadi ya benki, kwenye meno ya kadi ya kumbukumbu ya kompyuta, kwenye vipini vya ndani vya tundu la chaji. Kwingine kote, kwenye njia ndefu zinazobeba umeme kutoka upande mmoja wa kifaa hadi mwingine, ni shaba.

Silikoni ina habari tofauti kabisa. Hii si metali inayopitisha umeme vizuri, wala si kizuizi kama kioo. Ni semikonda, iko katikati, na ikiwa safi haina faida kubwa. Faida yake inaanza pale mtu anapoiingilia. Atomu ya silikoni ina elektroni nne za nje zinazoshikana na jirani zake. Ukipenyeza fosforasi kidogo, yenye elektroni tano, inabaki moja isiyo na wa kushikana naye, nayo inakuwa huru kutembea. Ukipenyeza boroni, yenye tatu, linabaki pengo, na pengo hilo nalo linasafiri. Kwa kupanga sehemu zenye elektroni za ziada na sehemu zenye mapengo, fundi anaupangia umeme mahali pa kupita na mahali pa kusimama. Akiongeza kituo cha kudhibiti katikati, amepata swichi isiyo na kitu kinachosogea, yaani transista. Chipu ya simu ya bei ya juu leo ina zaidi ya swichi bilioni kumi na tano za aina hiyo. Silikoni, kwa maneno mengine, hufundishika. Dhahabu huwezi kuifundisha lolote, na ubora wake wote umo katika kukataa kwake kubadilika.

Historia yenyewe inaonyesha jinsi hawa wawili walivyogawana kazi. Transista ya kwanza kabisa, iliyotengenezwa Desemba 1947 katika maabara za Bell kule New Jersey na John Bardeen na Walter Brattain, haikuwa ya silikoni. Ilikuwa ya elementi iitwayo gerimani. Brattain alichukua kipande cha plastiki chenye umbo la pembetatu, akakizungushia ukanda mwembamba wa dhahabu, kisha akaupasua ukanda huo kwa wembe pale kwenye ncha, ukawa vipande viwili vilivyoachana kwa nafasi ndogo kama upana wa unywele. Ncha hiyo ikakandamizwa kwa springi juu ya gerimani, na sauti ya umeme iliyoingia hafifu upande mmoja ikatoka na nguvu upande wa pili. Dhahabu ilikuwapo tangu siku ya kwanza, ikiwa mgusaji. Lakini kazi ya kukuza umeme ilifanywa na semikonda iliyokuwa chini yake. Miaka saba baadaye, mwaka 1954, zikapatikana transista za silikoni, na gerimani ikaanza kusukumwa pembeni kwa sababu ilishindwa kuhimili joto.

Kuna sababu nyingine iliyoipa silikoni ushindi, nayo ndiyo kiini cha mazungumzo haya. Silikoni ikipashwa moto penye oksijeni hujifunika kwa ngozi ya oksidi, yenye elementi zilezile za kwatzi ya mchimbaji wetu, ila safi, nyembamba na isiyopitisha umeme hata kidogo. Oksidi ya gerimani huyeyuka kwenye maji, lakini ya silikoni hushikilia. Mtu aliyeonyesha namna ya kuitumia ngozi hiyo kutuliza uso wa silikoni alikuwa mhandisi mzaliwa wa Port Said, Misri, aitwaye Mohamed Atalla. Mwaka 1959, akiwa Bell pamoja na Dawon Kahng kutoka Korea, walibuni transista inayodhibitiwa kupitia ngozi hiyo ya oksidi, na uzao wa transista hiyo ndio uliojaa katika kila simu na kila kompyuta ya leo. Angalia basi jambo lilivyo. Dhahabu imepata kazi katika elektroniki kwa sababu inaikataa oksijeni. Silikoni imepata kazi kubwa zaidi kwa sababu inaikubali, na kwa sababu alitokea mtu aliyejua namna ya kukusimamia kukubali huko.

Tena hawa wawili wakikutana pasipo mpango, hugombana. Atomu za dhahabu zikiingia ndani ya silikoni yenye joto husambaa upesi na kuwa mitego inayonasa elektroni. Kwa sababu hiyo, katika sehemu ya kiwanda inayojenga transista, dhahabu huhesabiwa kuwa uchafu, na mitambo iliyoigusa hutengwa na mingine. Ziko diodi chache za kasi ambazo zilitiwa dhahabu kwa makusudi ili zizime haraka, lakini hilo nalo lilifanywa kwa kipimo. Dhahabu ikishikana na alumini kwenye joto, huweza kuota kitu cha zambarau kinachofanya maungio kukatika, na mafundi wa miaka ya mwanzo walikiita tauni. Kwa upande wa pili, dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1,064 za Selsiasi na silikoni kwenye nyuzi 1,414, ila zikichanganywa kwa uwiano maalumu huyeyuka pamoja kwenye nyuzi 363 tu, na mafundi walilitumia jambo hilo kuibandika chipu kwenye kitako chake. Metali ileile ni sumu hapa na gundi pale. Tofauti inaletwa na anayejua.

Sasa tupime elimu hiyo kwa kipimo kimoja kinachoeleweka: usafi. Dhahabu safi tunayoijua sokoni, ya karati 24, katika kiwango cha juu cha biashara ni asilimia 99.99. Ni kazi ya heshima, na Tanzania sasa inaifanya yenyewe katika kiwanda cha kusafisha dhahabu cha Mwanza, kilichozinduliwa Juni 2021. Silikoni ya chipu huanzia mbali zaidi. Kwatzi huunguzwa pamoja na kaboni katika tanuri la umeme, ikatoka silikoni ya asilimia 98 au 99. Kwa kutengenezea chipu, hiyo bado ni takataka. Hugeuzwa kuwa kimiminika kwa asidi, kimiminika hicho huchemshwa na kukusanywa mvuke mara nyingi, kisha hurudishwa kuwa silikoni yenye usafi wa asilimia 99.9999999, na mara nyingine kuzidi hapo. Ukitaka kuipata picha, chukua wakazi wote wa dunia: kama wangekuwa safi kwa kiwango hicho, wageni miongoni mwao wasingezidi wanane. Baada ya hapo huyeyushwa, na kutoka katika ule uji mwekundu huvutwa taratibu fuwele moja kubwa, kwa njia aliyoigundua Jan Czochralski wa Poland mwaka 1916. Fuwele hukatwa sahani za upana wa milimita 300, zisizofika unene wa milimita moja, na hapo ndipo ujenzi wa transista unapoanza. Kazi yote niliyoieleza ni maandalizi tu.

Najua msikilizaji mmoja atasema: yote hayo sawa, lakini gramu kwa gramu dhahabu bado ina bei, na mchanga hauna. Ni kweli. Silikoni iliyotoka tu tanurini huuzwa kwa dola chache kwa kilo, ilhali mwaka 2025 gramu moja ya dhahabu ilivuka dola 100. Lakini tusiishie tanurini. Chipu kubwa zinazoendesha mifumo ya akili mnemba zina kipande cha silikoni chenye uzito wa gramu moja na nusu hivi, nacho kikiwa ndani ya kifaa chake, kifaa hicho huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Toa gharama ya vipuri vinavyokizunguka, utoe na faida nono ya muuzaji, bado gramu ile imeiacha dhahabu mbali sana. Na yule aliyeuza kwatzi hakupata sehemu ya ongezeko hilo, sawa na aliyeuza dhahabu ya vipini. Tena dhahabu inaweza kupunguzwa. Bei ilipovuka dola 1,000 kwa aunsi mwaka 2008 na kukaribia 1,900 mwaka 2011, viwanda vingi viliacha nyuzi za dhahabu ndani ya chipu vikahamia kwenye shaba, na rangi ya dhahabu kwenye vipini ikazidi kupakwa nyembamba. Mwaka 2024 elektroniki ilitumia takriban tani 270 za dhahabu, wakati migodi ya dunia ilitoa zaidi ya tani 3,600. Sehemu hiyo haifiki asilimia 8. Bei ya dhahabu yetu inaamuliwa na vito, mabenki na wenye hofu ya mfumuko wa bei, kabla haijaamuliwa na simu. Silikoni nayo ina washindani, mathalani galiamu nitridi katika chaja mpya ndogo zenye nguvu, lakini katika kazi ya kukokotoa bado haijapatikana ya kuiondoa.

Wa pili atasema: basi tuikusanye dhahabu iliyomo kwenye simu zilizokufa. Hoja hii ina uzito kuliko ya kwanza. Kwa makadirio ya kawaida simu moja ina gramu 0.03 hivi za dhahabu. Hazionekani, lakini simu 10,000 zina gramu 300, na bila betri mzigo huo hauzidi sana tani moja. Tani moja ya mawe ya mgodi wa wazi huweza kuwa na gramu mbili au tatu tu. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki, na zilizokusanywa na kurejelewa kwa utaratibu rasmi zilikuwa asilimia 22 na kidogo. Utajiri upo. Hatari iko katika namna ya kuutoa. Kuchoma nyaya ili kupata shaba, au kuloweka bodi katika asidi uani kwa ajili ya dhahabu, ni kuhamishia sumu katika mapafu na visima vya jirani, kama zebaki ilivyowaumiza wachimbaji wengi. Kazi hiyo ikifanywa kwa usalama inadai wakemia, mitambo ya kunasa moshi na maabara ya kupima. Kwa hiyo hata hoja hii inaturudisha palepale: dhahabu ya kwenye taka ni ya anayeijua kemia yake.

Na wa tatu, mwenye ari zaidi, atauliza: kama silikoni ni zaidi ya robo ya uzito wa gamba la dunia, kwa nini tusijenge kiwanda cha chipu kesho? Kwanza, mchanga wowote haufai. Mchanga mweupe wa fukwe za Zanzibar au Diani umetokana kwa sehemu kubwa na matumbawe na makombe, ni chokaa, hauna hata silikoni ya kutosha. Vyungu vinavyotumika kuyeyushia silikoni huhitaji kwatzi safi mno, na sehemu kubwa ya kwatzi hiyo hutoka mji mdogo wa Spruce Pine, jimbo la North Carolina. Kimbunga Helene kilipopiga huko Septemba 2024 na migodi ikasimama, wenye viwanda vya chipu walishikwa na wasiwasi hadi Asia. Pili, kiwanda cha chipu za kisasa hugharimu zaidi ya dola bilioni kumi, na hudai umeme usiokatika na maji mengi safi kupindukia. Kwa hiyo jibu la kweli ni kwamba kesho haiwezekani. Lakini kati ya kuuza mawe na kujenga kiwanda cha kisasa kuna ngazi nyingi: kubuni chipu, ambako mtaji mkubwa ni wahandisi na programu, kuzipima, kuzifungasha, kutengeneza vihisio vya kazi maalumu kwa teknolojia ya zamani isiyo ghali. Nyeri, nchini Kenya, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kipo kiwanda cha Semiconductor Technologies Limited kilichoshika mojawapo ya ngazi hizo. Ni kidogo, nacho kimeanzia mahali panapofaa, karibu na darasa.

Nikirudi katika hoja yangu, sisemi kwamba dhahabu haina maana. Ingekuwa kichekesho kusema hivyo katika nchi ambayo dhahabu ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya fedha za kigeni. Wahenga wetu walisema kizuri chajiuza, na dhahabu hujiuza kuliko vyote. Tatizo la kitu kinachojiuza ni kwamba hakimlazimishi mwenye nacho kujifunza. Silikoni haijiuzi. Ndiyo maana walioishika walilazimika kujenga vyuo, maabara na viwanda, na faida kubwa ikawa kwao. Kwetu, mjadala wa madini umekuwa wa mrabaha, hisa na kodi, na tangu Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wanaouza nje dhahabu ya Tanzania wanatakiwa kuiuzia Benki Kuu angalau asilimia 20 ya dhahabu yao. Hayo ni mambo ya maana. Lakini akiba ya dhahabu iliyolala kwenye hazina itakuwa ileile baada ya miaka hamsini. Haitazaa mkemia mmoja, wala fundi mmoja wa kuvuta fuwele.

Kwa hiyo ningependa kila bajeti ya madini inaposomwa bungeni, swali moja liongezwe katika yale ya kawaida. Tukishaambiwa zimeuzwa tani ngapi na serikali imekusanya shilingi ngapi, tuambiwe pia ni vijana wangapi wamesomeshwa kemia ya usafishaji, fizikia ya semikonda na ubunifu wa chipu kwa fedha iliyotokana na dhahabu hiyo, na ni maabara zipi wanazofanyia kazi. Kiwanda cha Mwanza kimeonyesha kwamba tunaweza kufika kwenye usafi wa tarakimu nne za tisa. Kutoka hapo hadi tarakimu tisa za tisa ni safari ya vizazi, na haiwezi kuanza kwa watu ambao hawajafundishwa.